Dereva Aliyebeba Mji Kichwani

Ndugu msomaji, tuseme mgeni amefika kijijini kwenu. Anamtafuta mzee fulani. Akimuuliza mtoto yeyote pale dukani ataelekezwa: pita kisimani, uache mwembe mkono wa kushoto, nyumba ya tatu. Hakuna anayefungua ramani. Njia zote wanazo kichwani.

Sasa fikiri mji wenye barabara na vichochoro kama 25,000. Je, mtu mmoja anaweza kuvijua vyote kwa kichwa?

Anaweza. Huko London, mji mkuu wa Uingereza, wapo maelfu ya watu wa namna hiyo. Ni madereva wa zile teksi nyeusi zinazojulikana dunia nzima. Leo tutaeleza kazi yao, jinsi wanavyojifunza, na kwa nini sasa hawaijui kesho yao.

Kazi yenyewe

Teksi ya London imetengenezwa kwa kazi hiyo tu. Inaweza kugeuka ndani ya duara lenye upana wa mita 7.6, kwa hiyo hata barabara nyembamba haiishindi. Ina njia ya kupandishia mlemavu na kiti chake cha magurudumu. Nauli hupangwa na mamlaka ya usafiri ya jiji, na mita ndiyo inayohesabu. Hakuna kubishana bei. Tena dereva aliyeko kituoni haruhusiwi kukataa safari ya ndani ya jiji isiyozidi maili 12, ila akiwa na sababu ya maana.

Madereva hawa hawalipwi mshahara. Wengine wana teksi zao, wengine wanakodi. Siku bila abiria ni siku bila pesa. Tangu mwaka 1875 walijengewa vibanda vidogo vya kijani kando ya barabara, wapate chai na chakula cha moto. Vibanda 13 vimebaki mpaka leo.

Shule isiyo na darasa

Kupata kazi hii si mchezo. Tangu mwaka 1865 kuna mtihani ambao jina lake kwa lugha yetu ni "Maarifa". Mwanafunzi lazima azijue barabara zote zilizo ndani ya maili 6, yaani kama kilometa 10, kutoka Charing Cross, njia panda iliyo katikati ya jiji. Anaanza na safari 320 zilizoandikwa kitabuni. Juu ya hizo anajifunza hospitali, mahakama, hoteli, vituo vya polisi na mengine mengi.

Anajifunzaje? Anapanda pikipiki ndogo, karatasi ya njia imebanwa mbele ya usukani. Anakwenda barabara moja moja, jua liwake au mvua inyeshe. Jioni anakaa na mwenzake, mmoja anataja njia kwa sauti na mwingine anamsahihisha. Wengi huchukua miaka 3 au 4. Muda wote huo hakuna anayemlipa. Wengi wao ni watu wazima wenye watoto, kwa hiyo wanasoma huku wakifanya kazi nyingine ya kujikimu.

Mtihani ni wa mdomo. Mtahiniwa anavaa suti na kukaa mbele ya mtahini. Anatajiwa mahali pawili tu. Basi hapo aanze: natoka hapa, nakata kulia, naingia barabara fulani, nakata kushoto, mpaka afike. Hakuna karatasi wala ramani. Mwanzoni anaitwa baada ya kila siku 56, halafu 28, halafu 21. Akifaulu yote anapewa beji ya kijani.

Wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha London walitaka kujua juhudi hiyo inafanya nini kichwani. Waliwapima wanafunzi 79 kabla ya mafunzo, wakawapima tena baada ya miaka 3 au 4. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Kwa wale waliofaulu, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za njia ilikuwa imeongezeka. Kwa walioshindwa, na kwa watu wengine ambao hawakusoma kabisa, haikuongezeka. Kumbe ubongo wa mtu mzima nao unakua ukitumikishwa! Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tuna haki ya kuifurahia habari hiyo.

Simu ilivyoingia

Sheria ya London iliweka mpaka. Teksi nyeusi peke yake ndiyo inayoruhusiwa kusimamishwa barabarani kwa kupunga mkono. Magari mengine ya abiria lazima yaagizwe kwanza kupitia kampuni yenye leseni, na madereva wake hawatakiwi kufanya mtihani wa Maarifa. Zamani kuagiza kulichukua muda. Mwenye haraka alipunga mkono.

Mwaka 2012 kampuni ya Uber ya Marekani ilianza kazi London. Abiria anabonyeza simu, na gari lililo karibu linakuja. Kwa sheria hiyo ni kuagiza. Lakini kuagiza kwa sekunde chache kuna tofauti gani na kupunga mkono? Mpaka ulibaki kwenye karatasi, barabarani ukafutika. Na njia? Simu inamwonyesha dereva. Nauli nayo mara nyingi ni ndogo.

Juni 2014 maelfu ya teksi nyeusi yaliziba barabara za katikati ya jiji kwa kupinga. Haikusaidia sana. Mwaka huo madereva wenye beji walikuwa kama 25,000. Kufika mwaka 2024 walikuwa chini ya 18,000. Wazee wanastaafu, na vijana wanaoingia ni wachache. Kijana anajiuliza: nisome miaka minne kitu ambacho simu inakijua?

Mzigo mwingine ni gari lenyewe. Ili kupunguza moshi, tangu mwaka 2018 teksi mpya lazima iweze kwenda bila kutoa moshi. Bei yake inazidi pauni 60,000, na dereva wengi hulipa kwa mkopo.

Tusimwone dereva wa simu kuwa adui. Naye anatafuta riziki. Mwaka 2021 mahakama kuu kuliko zote ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Walikuwa wameidai haki hiyo kwa miaka. Na huenda wote wawili wana mshindani mmoja mbele yao. Mwaka 2025 kampuni ya Waymo, nayo ya Marekani, ilitangaza mpango wa kuleta London magari yasiyo na dereva kabisa.

Tunajifunza nini?

Wapo wanaosema Maarifa bado yana faida. Barabara ikifungwa ghafla, mwenye mji kichwani hatafuti njia, anayo tayari. Ni kweli. Lakini abiria wengi hutazama bei, na bei haiulizi mtu alisoma miaka mingapi.

Sisi tunaona hivi. Madereva hawa hawakuwa wavivu, wala hawakukataa kujifunza. Walitimiza kila walichoambiwa, kwa gharama yao wenyewe. Kisha mambo yakabadilika, na hasara wakaibeba wao. Elimu yao haikuharibika, ila soko lake limepungua. Baadhi yao sasa wanapokea abiria kwa simu pia, na beji yao wanayo. Mashine inaweza kumpunguzia mtu kipato, lakini haiwezi kumfutia alichojifunza.

Basi, ndugu msomaji, lijadilini swali hili mkikutana: mtu akitumia miaka minne kujifunza kazi ambayo sheria inamtaka aijue, kisha mashine ikaja, nani abebe hasara? Yeye peke yake, au na wale waliomwambia asome?