Goma: umeme umefika, lakini maharagi bado yanapikwa na makala

Ukihesabu tu moshi wa magari, viwanda na mashini za mazutu, Mkongomani ni kati ya watu wanaochafua hewa kidogo kabisa duniani: chini ya kilo 100 za gesi ya kaboni kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unapita tani 4. Viongozi wetu wanapenda kutaja hesabu hiyo kwenye mikutano ya tabianchi. Lakini inaacha nje miti.

Makala mengi yanayouzwa Goma yanatoka Masisi, Rutshuru na hata ndani ya mbuga ya Virunga, ambako kuyachoma kumekatazwa. Katika tanuru la udongo, kilo moja ya makala inakula zaidi ya kilo tano za kuni. Kwa hiyo kaboni nyingi imekwisha kuruka hewani kabla mama hajawasha mbabula yake.

Wachumi wanasema moshi wa nchi unategemea idadi ya watu, mali wanayozalisha, nishati inayotumiwa kuzalisha mali hiyo, na kaboni iliyo ndani ya nishati yenyewe. Kwetu watu wanaongezeka, na hakuna anayetaka mali ipungue. Mahali pa kushika panabaki kwenye nishati. Uingereza imepunguza moshi wake kwa zaidi ya nusu tangu 1990 huku uchumi wake ukikua, na ilifunga kiwanda chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe Septemba 2024. Ni kweli pia kwamba bidhaa nyingi inazotumia siku hizi zinatengenezwa kwingine, na moshi unabaki huko.

Sisi tuna mito. Inga I na Inga II, za 1972 na 1982, zinapaswa kutoa karibu megawati 1.775, na waya wake unafika mpaka Kolwezi ukipita juu ya vijiji vyenye giza. Hata hivyo, migodi ya shaba ya Lualaba, shaba inayohitajika kwa magari ya umeme, inakosa umeme wa kutosha na inawasha jenereta za mazutu. Gari safi huko Ulaya, moshi hapa!

Mashariki, mfano mzuri ni Matebe, Rutshuru: kituo cha maji cha megawati zaidi ya 13, kilichofunguliwa Desemba 2015, ambacho umeme wake unafika Goma. Kule Mutwanga, karibu na Beni, umeme wa mto uliwezesha kiwanda cha sabuni. Kazi zimeongezeka bila mazutu kuongezeka.

Basi kwa nini gunia la makala halijatoka jikoni? Kwanza ni namna ya kulipa. Kuunganishwa na waya na kununua jiko la umeme kunadai pesa nyingi kwa mara moja, lakini makala unanunua ya leo tu, kwa franka ulizopata leo. Tena maharagi yanakaa motoni masaa mengi, na mama mwenye watoto wengi anaogopa kuona mita ikizunguka.

Halafu kuna vita. Januari 2025, mapigano yalipokaribia mji, waya wa umeme ulikatika, pampu za maji zikasimama, na wakaaji wakachota maji ya ziwa. Waliokuwa wamenunua jiko la umeme walirudi sokoni kutafuta makala.