Korongo wa Mwaloni Wanafuata Taka za Samaki

Kutoka Buzuruga hadi Soko la Samaki la Kirumba Mwaloni, jijini Mwanza, ni safari fupi ya daladala. Maeneo yote mawili yapo Wilaya ya Ilemela. Mgeni anayefika sokoni wakati shehena za dagaa, sangara na sato zinashushwa huwakuta wateja wasiolipa: korongo wakubwa aina ya marabu, wenye upara na mfuko wa ngozi shingoni, wakisubiri karibu na meza za kuparia samaki.

Kimo cha ndege huyu hufikia mita 1.5. Kwa asili hula mizoga, na shingo yake isiyo na manyoya humwezesha kuingiza kichwa ndani ya mzoga bila kuchafuka sana. Utumbo na vichwa vya samaki vinavyotupwa ovyo ni mlo rahisi zaidi kwake. Humeza haraka bila kuchagua, hata kifungashio chenye harufu ya samaki. Mwewe, kunguru na yangeyange nao hufuata mabaki hayohayo.

Wapo wanaotaka ndege hao waondolewe, na malalamiko yao si ya bure, kwani kinyesi kikiangukia dagaa walioanikwa, afya ya mlaji imo hatarini. Hata hivyo, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ni kosa kumuua au kumkamata mnyamapori bila kibali. Aidha, kuwafukuza huku taka zikibaki ni kazi bure, kwa kuwa watarudi kesho yake. Pipa lenye mfuniko na taka kuzolewa kila siku hupunguza idadi yao kuliko mawe. Dagaa nao waanikwe kwenye vichanja badala ya mchangani, na wafunikwe kwa chandarua.

Hatari kubwa zaidi ipo majini. Mabaki yanayomwagwa ufukweni huweza kumvuta mamba hadi mahali ambapo kina mama huosha samaki na watoto huoga. Mwananchi anayemwona mamba au kiboko karibu na makazi anapaswa kutoa taarifa mapema kwa serikali ya mtaa, Ofisa Wanyamapori wa wilaya au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Anayejeruhiwa, au familia inayofiwa, huweza kuomba kifuta machozi kupitia ofisi ya wanyamapori ya wilaya.