Eldoret Hadi Nairobi kwa Ndege: Nusu Saa au Saa Nzima?

Wanachama wenzangu, kuna ubishi usiokwisha humu chamani. Wako wanaodai kwamba ndege ya Eldoret hufika Nairobi kwa nusu saa tu, na wako wanaoshikilia saa nzima. Kusema kweli, pande zote mbili zina haki.

Tuanze na umbali. Ndege haifuati barabara ya Timboroa na Nakuru, bali umbali wake hupimwa kwa mstari ulionyooka, na mstari huo twaweza kuupima wenyewe kwa atlasi. Uwanja wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997, uko karibu digrii 0.4 kaskazini na 35.2 mashariki. Ule wa Jomo Kenyatta uko 1.3 kusini na 36.9 mashariki. Tofauti ni digrii 1.7 kwenda kusini na 1.7 kwenda mashariki. Kwetu hapa karibu na ikweta, digrii moja ni kama kilomita 111 upande wowote (Ulaya hawana bahati hii, maana huko mistari ya longitudo imesongana). Basi tumia kanuni ya Pythagoras: jibu ni kilomita 267 hivi. Barabara ni kama 310. Kumbe angani hakuna njia ya mkato kubwa hivyo! Faida iko katika mwendo.

Ndege ya mapangaboi ikishatulia juu huenda kama kilomita 500 kwa saa. Gawanya, utapata dakika 32. Ndio hao wa nusu saa. Lakini ndege hujikokota kwanza chini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, hupanda polepole, na ikikaribia Nairobi hupunguza mwendo, pengine ingoje zamu ya kutua. Ndiyo maana ratiba huandika dakika 45 hadi saa moja.

Na sisi wa Sirisia je? Mjomba wangu alikuwa na miadi hospitalini Nairobi, saa mbili asubuhi. Tulikaa na karatasi tukapiga hesabu. Matatu hadi Chwele, nyingine hadi Bungoma, nyingine hadi Eldoret: saa tatu, na hapo ni stagi zikijaza haraka. Uwanja wenyewe uko nje ya mji, na sharti ufike saa moja kabla. Kisha angani saa moja, halafu foleni ya magari Nairobi. Jumla ni saa sita au saba, ilhali basi la usiku kutoka Bungoma ni saa tisa hivi. Tena kwa ndege angelazimika kwenda siku moja mbele na kulipia chumba, na Nairobi hatuna jamaa. Akapanda basi, akafika alfajiri, akamwona daktari.

Aliporudi mgongo ulikuwa umemkaza. Akasema safari ijayo atauza mahindi mapema apande ndege, kwani saa hizo za matatu angalau mtu hushuka akajinyoosha.