Kazi za Uwanja wa Gofu na Namna ya Kuzitafuta

Kijana wa Chaani atafutapo kazi, kwa desturi huelekeza macho Kipevu kwenye gati, au uwanja wa ndege wa Moi, ama yadi za makontena za Changamwe. Zamani kiwanda cha kusafisha mafuta nacho kiliajiri watu, lakini kilikoma kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Na tangu mwaka 2018 treni mpya ya mizigo huchukua makontena mengi ambayo hapo kwanza yalisafirishwa kwa malori. Kwa hiyo yafaa macho yatazame mahali pengine pia, na pamoja na hapo ni viwanja vya gofu.

Watu wengi hudhani kwamba huko ni kwa matajiri tu, wala hakuna riziki kwa mwingine. Dhana hiyo si kweli. Uwanja wa gofu ni kama shamba kubwa ambalo zao lake ni majani, na shamba halijilimi lenyewe.

VIWANJA VYENYEWE

Ulio karibu zaidi na Chaani ni ule wa Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1911. Uko kisiwani, juu ya majabali ya bahari, si mbali na feri ya Likoni, nao una mashimo 9. Ule wa Nyali, upande wa Kisauni, una mashimo 18. Mbali zaidi kuna Diani, upande wa kusini, na Vipingo katika Kaunti ya Kilifi, uwanja uliofunguliwa mwaka 2009. Atakaye kazi na apige kwanza hesabu ya nauli, maana kazi nyingi huanza mapema.

KAZI YA MAJANI

Kazi isiyokosekana hata siku moja ni kutunza majani. Katika nchi za joto, majani yapandwayo mara nyingi ni ukoka, ambao kila mkulima anaujua. Penye shimo, ukoka hukatwa ukabaki kimo cha milimita chache tu, ili mpira ubingirike kama juu ya zulia. Ndiyo sababu wakataji huanza alfajiri, kabla ya wachezaji kufika. Wengine hunyunyiza maji, hutia mbolea, au hutengeneza mashine. Fundi mwenye cheti cha mtihani wa ufundi wa Serikali ana kitu cha kuonyesha, kuliko yule asemaye tu kwamba anaweza. Nyumba ya klabu nayo huhitaji wapishi, wahudumu, walinzi na makarani.

KAZI YA KEDI

Kazi ijulikanayo zaidi ni ya kedi, yaani mtu amchukuliaye mchezaji mfuko wa fimbo. Fimbo hizo haziruhusiwi kuzidi 14, na mzunguko wa mashimo 18 huchukua kama saa 4 za kutembea juani. Lakini kedi si mchukuzi tu. Hutazama mpira ulikoangukia, kwani mchezaji hupewa dakika 3 tu za kuutafuta. Husawazisha mchanga uliokanyagwa, tena hushauri fimbo ipi itumike. Hapo kijana wa pwani ana elimu yake: ajuaye kaskazi na kusi aweza kumwambia mgeni upepo utaupeleka wapi mpira. Hana budi pia kujifunza kanuni, maana kosa la kedi huhesabiwa juu ya mchezaji wake.

Jambo moja lisifichwe. Kwa desturi kedi hana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila mzunguko, kwa zamu apangiwayo na msimamizi wa makedi. Mvua ikinyesha kutwa, au wachezaji wasipofika, hurudi nyumbani mikono mitupu, na nauli imekwisha kutumika. Mwenye mke na watoto na alipime jambo hilo kabla ya kuacha kibarua alicho nacho.

Hata hivyo njia hiyo yaweza kumfikisha mtu mbali. Francis Ouimet wa Marekani alikuwa kedi utotoni, na mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 20, alishinda mashindano makubwa ya nchi yake. Hapa Kenya pia wako wachezaji wa kulipwa walioanza kwa kuchukua mifuko.

NAMNA YA KUOMBA

Mwombaji na aende mwenyewe asubuhi, akiwa nadhifu, na kitambulisho mkononi. Achukue barua fupi yenye jina, umri, elimu, kazi alizopata kufanya na nambari ya simu. Langoni aulize msimamizi wa majani au msimamizi wa makedi, kwa kadiri ya kazi aitakayo. Akiambiwa hakuna nafasi, ashukuru, na arudi baada ya majuma machache. Mtu atakayemwambia atoe fedha ili apewe kazi asisadikiwe.

Akiajiriwa, aijue haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mkataba wa miezi 3 au zaidi sharti uandikwe. Kibarua afanyaye kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake yafikia mwezi, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Basi kila mmoja na aweke daftari la siku alizofanya kazi na fedha alizopokea.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Aanzaye kwa kukata ukoka alfajiri, akafika kila siku kwa saa yake, ndiye akumbukwaye siku mashine mpya ihitajipo mwendeshaji.