Sayansi ya Kwantamu Yahitaji Lugha Pia

Kuna dai la miaka mingi kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, wala hakina ubavu wa kubeba sayansi ya kina. Cha kusikitisha ni kuwa baadhi ya walimu hulirudia mbele ya wanafunzi wao. Leo nitalipima dai hilo kwa elimu inayosifika kwa ugumu: sayansi ya kwantamu, yaani elimu ya mwenendo wa vitu vidogo mno kama vile elektroni na chembe za mwanga.

Elimu hii haikuishia vitabuni. Mwaka wa 1994, Mmarekani Peter Shor alionyesha kihisabati kwamba kompyuta ya kwantamu, ikiundwa kwa ukubwa wa kutosha, itaweza kuvunja aina ya mafumbo yanayolinda siri za benki na mawasiliano. Kompyuta ya nguvu hizo haijapatikana. Hata hivyo, Agosti 2024 Marekani ilitoa viwango 3 vya mafumbo mapya ya kuikabili. Sisi Wakenya, tunaotumiana pesa kwa simu tangu 2007, hatuwezi kujitia hamnazo. Kufuli zitakapobadilishwa, ni nani miongoni mwetu atakayezielewa?

Vyuo vya wenzetu havikungoja. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilianzisha taasisi ya kompyuta za kwantamu mwaka wa 2002. Wala si Ulaya na Marekani pekee. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walishiriki kulinda kwa mbinu za kwantamu mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida mjini Durban. Ghana nayo ndiyo iliyowasilisha pendekezo lililoufanya Umoja wa Mataifa kuutangaza 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi hii.

Lugha inaingilia wapi? Yamkini wengi hudhani kwamba istilahi za kisayansi zilishuka kutoka mbinguni. La hasha! Mwaka wa 1935 Erwin Schrödinger alihitaji jina la hali ambamo chembe mbili huhusiana kiasi kwamba moja haiwezi kuelezwa kikamilifu bila nyingine, hata zikitenganishwa mbali. Kwa Kijerumani aliiita Verschränkung, neno la kawaida linalotumika hata kwa mtu aliyekunja mikono kifuani. Ikiwa Schrödinger alichota kwenye kisima cha nyumbani, ni kipi kinachotuzuia kusema mfungamano? Na pale tusipokuwa na neno, tukope bila haya: kyubiti ni kipimo cha habari ambacho, tofauti na biti ya kawaida iliyo 0 au 1, huweza kuwa mchanganyiko wa hali zote mbili hadi kipimwe.

Atakuwapo wa kuniuliza: mwanafunzi huyo hatahitaji Kiingereza asome majarida ya utafiti? Atakihitaji, nami simwambii akiache. Lakini tukumbuke kwamba Robert Oppenheimer alipata shahada yake ya uzamifu Göttingen, Ujerumani, mwaka wa 1927, enzi ambapo sayansi hii ilizungumza Kijerumani. Aliporejea Marekani alifundisha kwa Kiingereza, na wanafunzi wake wakaieneza. Elimu huvuka mipaka ya lugha kwa mikono ya walimu, haivuki yenyewe.

Kwa hivyo, chuo chetu chochote kitakachoanzisha mafunzo ya uzamili au uzamifu katika uhandisi wa kwantamu kisiwakusanye wanafizikia, wahandisi na wanahisabati pekee. Kimwalike pia mwanaisimu, na kila tasnifu iambatane na muhtasari wa Kiswahili pamoja na orodha ya istilahi zake. Msingi upo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990.

Nawe mwalimu wa sekondari, usingoje chuo kikuu. Mwanafunzi akishakariri fasili ya elektroni kwa Kiingereza, mwambie akueleze kwa Kiswahili. Akishindwa, umejua kwamba bado hajaelewa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na istilahi nazo huundwa na watu.