Nani Anastahili Kuingia Cooperstown?

Katika kufundisha insha za hoja, neno linalowasumbua sana wanafunzi wetu ni "kustahili". Mwanafunzi huandika kwamba fulani anastahili tuzo, akataja sifa zake tatu, akaweka nukta, bila kutueleza kipimo alichotumia. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kueleza mdahalo mmoja wa Marekani ambao kwa zaidi ya miaka themanini umelizunguka neno hilo hilo: ni wachezaji gani wastaafu wa besiboli wanaofaa kuingizwa katika jumba la kumbukumbu lililoko Cooperstown, katika jimbo la New York. Besiboli si mchezo mgeni kabisa hapa Uganda. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania.

Kwanza tuanze na jina. Wapo wanaoliita jumba hilo "Ukumbi wa Umaarufu", neno kwa neno kutoka Kiingereza. Tafsiri hiyo inatutatiza, maana umaarufu hata mwizi wa kuku anaweza kuupata kijijini kwake. Sisi tungependelea "Jumba la Heshima". Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba utata huu si wa mfasiri peke yake. Jina la jumba linataja umaarufu, lakini kanuni zake zinadai heshima, na hapo ndipo ugomvi wote ulipozaliwa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mchezaji awe amecheza misimu isiyopungua 10 katika ligi kuu, na awe amestaafu kwa miaka mitano. Wanaopiga kura ni waandishi wa habari za besiboli waliotimiza miaka 10 katika chama chao, na kila mmoja anaruhusiwa kuchagua majina yasiyozidi 10. Atakayepata asilimia 75 anaingia, na atakayepungukiwa na asilimia 5 anafutwa mara moja. Wa katikati hurudi mwaka unaofuata, lakini si zaidi ya miaka 10. Baada ya hapo tumaini lake hubaki kwa kamati ndogo ya watu 16. Ugumu wa mlango huo unaonekana katika jambo hili: tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1936, ni Mariano Rivera peke yake, mwaka 2019, aliyewahi kuchaguliwa na waandishi wote bila hata mmoja kumnyima kura.

Kanuni zinamtaka mpigaji kura aangalie rekodi na uwezo wa mchezaji, na pia uadilifu wake, uungwana wake mchezoni na tabia yake. Mtu anayepima kwa rekodi tu hawezi kumwacha Barry Bonds nje. Homurani ni pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote vinne, na Bonds alizipiga 762, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi kuu. Lakini jina lake lilihusishwa na dawa za kujenga misuli, ingawa ligi haikuwahi kumwadhibu kwa kosa hilo. Mwaka 2022, ambao ulikuwa wa mwisho kwake mbele ya waandishi, alipata asilimia 66. Desemba 2025 kamati ya watu 16 ikamwangalia upya, naye hakufikisha hata kura tano.

Wanaomtetea wana hoja ambayo sisi twaiona nzito. Bud Selig, aliyekuwa kamishna wa besiboli miaka ambayo dawa hizo zilienea, aliingizwa jumbani mwaka 2017. Ikiwa mwenye shamba ametunukiwa kwa mavuno, kwa nini mkulima peke yake ndiye aulizwe habari za mbolea?

Kipimo cha uadilifu kina tatizo jingine, la zamani zaidi. Kenesaw Mountain Landis, kamishna wa kwanza, ndiye aliyemfungia maisha Joe Jackson kwa kashfa ya kuuza mechi za fainali za mwaka 1919, ingawa baraza la mahakama lilikuwa limemwachilia. Landis aliingizwa jumbani mwaka 1944. Katika miaka yote ya uongozi wake hakuna mchezaji mweusi aliyecheza ligi kuu. Jackie Robinson alifungua mlango mwaka 1947, Landis akiwa ameshafariki. Weusi walikuwa na ligi zao, na wa kwanza kutunukiwa kwa kazi yake huko, Satchel Paige, aliingia mwaka 1971 tu.

Mwaka 2006 kamati maalumu iliwachagua watu 17 wa historia hiyo, na wote walikuwa wamekwisha kufariki. Buck O'Neil, aliyekuwa mchezaji na meneja katika ligi hizo na ambaye alitumia uzee wake kuhakikisha hazisahauliki, alikuwa hai, na hakuchaguliwa. Aliombwa awasemee marehemu wale kwenye sherehe ya Julai, naye akakubali, akiwa na umri wa miaka 94. Alifariki Oktoba mwaka huo huo. Kura zake zilitosha Desemba 2021.

Tunadhani kisa cha O'Neil ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi gharama ya kuahirisha uamuzi. Kisa cha Pete Rose kinakaribiana nacho, japokuwa yeye alikuwa na hatia ya kweli. Rose alipata mapigo 4,256 yaliyomfikisha kituoni, idadi ambayo haijafikiwa na mwingine katika ligi kuu. Mwaka 1989 alifungiwa maisha kwa kamari, na mwaka 1991 jumba likaamua kwamba aliyefungiwa asipigiwe kura. Alikana kwa miaka mingi, akakiri mwaka 2004 kwamba aliweka dau kwenye besiboli. Alifariki Septemba 2024. Mei 2025 kamishna Rob Manfred alitamka kwamba kifungo cha maisha humalizika mtu anapofariki, na kwa tamko hilo Rose na Jackson wakawa huru kujadiliwa. Kamati itakayoweza kuwajadili inatazamiwa kukutana Desemba 2027. Atakayependekezwa atahitaji kura 12 kati ya 16.