Je, Wajua? Kiyoyozi Hakitengenezi Baridi

Je, wajua kwamba hakuna mashine duniani inayotengeneza baridi? Kiyoyozi ni hamali tu: kinalibeba joto la chumbani mwako na kwenda kulimwaga nje. Ndiyo maana ukifungua mlango wa friji ili chumba kipoe, chumba kinazidi joto!

Na huku kwetu Oman, iwe Nizwa, Ibra au Sur, hamali huyo ana kazi. Juni 2018, pale Quriyat, njiani kwenda Sur, zilipita saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku na mchana. Wataalamu wa hali ya hewa wakautaja usiku huo kuwa wa moto kuliko wote uliowahi kupimwa duniani. Alfajiri hiyo, ndugu yangu, hata maji ya bomba la juu ya dari hayaguswi.

Wajua kiyoyozi cha kwanza cha kisasa hakikutengenezwa kwa ajili ya watu? Kilitengenezwa kwa ajili ya karatasi! Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, kilisumbuliwa na unyevu uliofanya rangi zisikae mahali pake. Kijana wa miaka 25, Willis Carrier, akachora mashine ya kukausha hewa. Wewe unayelala chini ya AC leo unafaidi starehe iliyoanza kwa karatasi.

Haya, dukani unaambiwa "hii ni tani moja na nusu." Usiutazame uzito wa boksi! Tani moja ni joto la kuyeyusha tani nzima ya barafu ya kipimo cha Kimarekani, karibu kilo 907, kwa saa 24. Kipimo hicho kimetoka kwenye zama za kuuza barafu, na biashara ile ilikuwa ya ajabu: mwaka 1833 merikebu Tuscany ilitoka Boston na tani 180 za barafu, ikazunguka Afrika, na miezi minne baadaye ikafika Calcutta na tani 100 hivi bado ngumu. Bila umeme! Bila kompresa!

Tani moja hiyo ndiyo BTU 12,000 kwa saa. Na BTU moja? Ni kama moto wa njiti moja ya kiberiti ikiungua mpaka mwisho. Kwa hiyo AC ya tani moja inatoa nje joto la njiti tatu na kitu kila sekunde, usiku kucha, na wewe unakoroma.

Sasa tuje kwenye kile kiyoyozi kidogo cha kusimama sakafuni, chenye magurudumu na mpira mnene wa kutolea joto. Watu wengi waliopanga wanakipenda, maana mwenye nyumba hakubali ukuta utobolewe. Wajua kwamba kile chenye mpira mmoja kinajipiga vita chenyewe? Kinachukua hewa ya chumba, tena ile uliyokwisha kuilipia umeme ikapoa, kinaipitisha kwenye koili za moto na kuitupa dirishani. Hewa iliyotoka lazima ifidiwe. Inafidiwa na nini? Na hewa ya moto ya nje, inayojipenyeza chini ya mlango, kwenye pembe za dirisha na hata kwenye tundu la swichi. Kwa saa moja mashine inaweza kuitupa hewa ya chumba kizima mara kadhaa.

Huamini? Kata kipande cha karatasi laini, kishike chini ya mlango AC ikiwa inanguruma. Kitaelekea ndani, kama kinavutwa na mtu. Hilo ndilo joto la barazani linakuja kukutembelea!

Kwa sababu hiyo Marekani ilibadilisha namna ya kuvipima viyoyozi hivi mwaka 2017. Mashine iliyojitapa BTU 14,000 kwenye boksi ikajikuta imeshuka hadi 10,000, na nyingine chini ya hapo. Mashine ni ile ile, umeme ni ule ule! Kama kibandiko kina namba mbili za BTU, amini ile ndogo. Na ukipata chenye mipira miwili, mmoja wa kuvuta hewa ya nje na mwingine wa kuitoa, lipa tofauti ya bei bila kunung'unika. Mimi, kusema kweli, kama dirisha linaruhusu AC ya dirishani, hicho cha magurudumu nisingekitazama mara mbili.

Na ule mpira wenyewe, umewahi kuugusa? Unawaka! Ukiuacha mrefu umejikunja nyuma ya kabati, umeweka hita chumbani. Uweke mfupi na ulionyooka. Kile kibao cha plastiki kinachokuja nao kimekatwa kwa dirisha la kusukuma, la alumini. Dirisha la mbao la nyumba ya zamani litakutoa jasho.

Wajua hewa ina uzito? Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 3 kina hewa ya zaidi ya kilo 50! Na Sur, siku ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 80, ndani ya hewa hiyo mnaelea zaidi ya lita moja ya maji usiyoyaona. Mashine lazima iyakamue. Nyingi huyapuliza nje pamoja na joto, lakini pwani maji yanaizidi nguvu, tanki linajaa, taa nyekundu inawaka na mashine inajizima saa nane za usiku. Mtu wa Sur, uliza tundu la kutolea maji liko wapi kabla hujauliza bei.

Mtu wa Nizwa, wewe una bahati yako. Lita tano za maji zikikauka ndani ya saa moja hubeba joto linalokaribia la AC ya tani moja! Ndiyo siri ya kipoza hewa cha maji, na ndiyo siri ya jahla, kile chungu cha Bahla kinachoning'inizwa kivulini: maji yanapenya udongo, yanakauka kwa nje, na yaliyobaki yanapoa. Bara hewa ni kavu, kipoza hewa kinafanya kazi. Kipeleke Sur siku ya unyevu, utakuwa umenunua feni inayokulowesha. Jihadhari na muuzaji anayekiita AC. Kitu kisicho na kompresa si AC.

Geuza AC yoyote uangalie kibandiko cha nyuma. Alama T1 maana yake imepimwa nje ikiwa nyuzi 35. T3 imepimwa kwenye nyuzi 46! Ibra, mwezi wa Juni, nyuzi 35 unaziaga asubuhi mapema, kwa hiyo wajua mwenyewe ipi ya kwako.

Wajua mgeni mmoja aliyekaa kitako anatoa joto la wati 100 hivi? Wageni wanane kwenye majlis ni wati 800, na kahawa bado haijamiminwa. Hesabu inayotumika Marekani inasema watu wakizidi wawili, ongeza BTU 600 kwa kila kichwa kinachozidi. Chumba kikiwa jikoni, ongeza 4,000.

Na kuweka rimoti kwenye 16 hakuharakishi kitu kwa mashine ya kawaida! Kompresa inasukuma kwa nguvu ile ile hadi ifike ulipotaka.

Waliotutangulia walijua kupoza chumba bila rimoti. Ngome ya Jabrin, karibu na Bahla, iliyojengwa na Imam Bil'arab bin Sultan karne ya 17, ina chumba cha Jua na Mwezi chenye madirisha 14: saba chini, saba juu. Hewa ya baridi inaingia kwa chini, ya moto inapanda na kutoka kwa juu. Bili ya umeme: sifuri!

Ukichoka na yote haya, shuka pwani, Ashkharah. Wakati bara panaungua, upepo wa kusi, ule ule uliorudisha majahazi ya Sur kutoka Unguja, unasukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini yanapanda kushika nafasi yake. Watu wa Sharqiyah wanaenda Julai na blanketi kwenye gari. Wajua? Blanketi, Julai, Oman!